Lancia: Miaka 120 ya Nyumba ya Mafundi

Novemba 2026 kampuni ya magari ya Lancia inatimiza miaka 120 tangu ilipoandikishwa mjini Torino, kaskazini mwa Italia. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyezaliwa baada ya 1990 huenda hajawahi kuiona Lancia barabarani maishani mwake. Hata Italia kwenyewe, kwa miaka kadhaa, kampuni hii ilikuwa ikiuza gari la aina moja tu. Lakini waliokuwa wakijipanga kandokando ya barabara za Kenya wakati wa Pasaka miaka ya 1980 kutazama mbio za magari wanalijua jina hilo vizuri. Na hata asiyelijua ameshapanda kazi yake: ukiingia kwenye teksi leo, umbo la ndani la gari hilo lina deni kwa fundi mmoja wa Torino aliyefariki mwaka 1937.

Fundi huyo, Vincenzo Lancia, alizaliwa tarehe 24 Agosti 1881 katika kijiji cha Fobello, kwenye milima ya Piemonte. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri wa supu na vyakula vya makopo, na alitaka mwanawe ashike kalamu badala ya spana. Kijana akakubali nusu. Katika ua wa nyumba yao ya Torino kulikuwa na karakana ya baiskeli ya Giovanni Battista Ceirano, na Vincenzo akaajiriwa pale kama karani wa hesabu. Vitabu vya hesabu vilimwona mara chache. Muda mwingi alikuwa ameinama juu ya injini, mikono imejaa grisi.

Kampuni ya Fiat ilipoanzishwa mwaka 1899 iliinunua karakana ya Ceirano pamoja na watu wake. Vincenzo, akiwa na miaka 18, akawa mjaribu magari wa Fiat, na muda si mrefu akawa dereva wake wa mashindano. Alikuwa pande la mtu, mcheshi, mpenda kula, na akishika usukani hana simile. Mwaka 1904 alishinda Coppa Florio. Mwaka uliofuata, huko Marekani, aliongoza mbio za Vanderbilt Cup hadi alipogongana na gari la mshindani mwenzake, akamaliza wa nne. Ndivyo yalivyokuwa mashindano yake mengi: anawaacha wenzake mbali, kisha kitu kinakatika. Alijifunza kwa mgongo wake mwenyewe kwamba injini kubwa juu ya chesisi dhaifu ni hasara.

Mwishoni mwa Novemba 1906 yeye na rafiki yake Claudio Fogolin, naye dereva wa Fiat, waliandikisha Lancia & C. kwa mtaji wa lire 100,000. Mwanzoni mwa 1907 moto ukateketeza karakana yao kabla gari la kwanza halijatoka. Wakapiga moyo konde, wakaanza upya. Magari yakaanza kutoka na kupewa majina ya herufi za Kigiriki, wazo la kaka yake Vincenzo, Giovanni, aliyekuwa msomi wa lugha za kale: Alfa, Beta, Gamma, Theta. Hiyo Theta ya 1913 ilitoka kiwandani ikiwa na mfumo kamili wa umeme, wakati ambapo wenye magari wengi Ulaya walikuwa bado wakizungusha injini kwa mkono na kuwasha taa kwa kiberiti.

Kisha ikaja Lambda, na hapa inafaa tukae.

Magari ya zama zile yaliundwa kama mkokoteni. Kwanza chesisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama. Juu yake injini. Juu ya hayo bodi ya mbao na bati, ambayo mara nyingi ilitengenezwa na fundi wa kampuni nyingine kabisa. Gari likipita penye mashimo, chesisi inajipinda na bodi inalia. Vincenzo aliangalia meli. Meli haibebwi na mihimili miwili. Nguvu zake zimo katika ganda lenyewe. Mwaka 1919 akapata hataza ya gari lisilo na chesisi, na Oktoba 1922 Lambda ikaoneshwa Paris.

Ukilitazama gari hilo kwa karibu utaona jinsi fikra moja inavyozaa nyingine. Bati la chuma lilikunjwa na kupigwa riveti mpaka likawa ganda moja lenye mbavu ndefu. Kwa kuwa mbavu ndizo zilizobeba uzito, milango ilibidi iwe mifupi. Kwa kuwa hakukuwa na chesisi ya kukalia, viti vilizama chini, na gari zima likawa fupi kwa kimo kuliko mengi ya wakati wake. Propela ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ilihitaji njia, basi ikatengenezewa handaki lililoinuka katikati ya sakafu. Abiria yeyote aliyewahi kubanwa katikati ya siti ya nyuma analifahamu handaki hilo kwa magoti yake.

Mbele, ekseli nzima iliondolewa. Kila gurudumu likapewa bomba lake la wima lenye springi na mafuta ndani yake, likapanda na kushuka peke yake bila kumsumbua mwenziwe wa upande wa pili. Inasimuliwa kuwa wazo lilianza siku springi ilipokatika Vincenzo akiwa safarini na mama yake, na kwamba fundi wake Battista Falchetto alichora michoro 14 tofauti ya mfumo huo katika usiku mmoja. Iwe ni kweli au chumvi imezidi, mfumo uliotokana na michoro hiyo uliendelea kufungwa kwenye magari ya Lancia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini nayo ilikuwa na silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V jembamba mno, kiasi kwamba kichwa kimoja cha injini kilifunika zote. Zilitengenezwa Lambda zipatazo 11,000 hadi 1931. Kwa kiwanda kama cha Ford hiyo ilikuwa idadi ya siku chache. Kwa Lancia ilikuwa mafanikio makubwa, na katika tofauti hiyo ya mizani ndipo msiba wa baadaye ulipokuwa umejificha.

Si kila kilichotoka Torino kilikuwa cha fahari. Lancia ilikuwa pia kampuni ya malori, na malori yake ya Ro yalibeba askari na mizigo ya Mussolini katika uvamizi wa Ethiopia wa 1935 na 1936. Mrithi wake, 3Ro, alilitumikia jeshi la Italia katika Vita Kuu ya Pili. Vitabu vingi vya maadhimisho hupita hapo haraka na kurudi kwenye magari ya matajiri. Mwafrika anayesoma historia hii hana sababu ya kupita haraka.

Gari la mwisho la Vincenzo lilikuwa Aprilia: dogo, jepesi, lenye umbo lililopimwa kwa upepo katika chuo cha ufundi cha Torino wakati wenzake wengi wakiunda magari yenye umbo la kabati. Hakuyaona mauzo yake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 15 Februari 1937, akiwa na miaka 55, gari lenyewe likiwa ndiyo kwanza linaingia sokoni.

Mjane wake, Adele Miglietti, akashika hatamu na kuivusha kampuni katika vita. Baada ya vita mtoto wao Gianni, mhandisi kijana, akachukua nafasi. Alirithi kiwanda cha mtaa wa Borgo San Paolo na mtu adimu: Vittorio Jano, aliyewahi kuipa Alfa Romeo magari yake makubwa ya mashindano. Chini ya Jano, mhandisi Francesco De Virgilio alitafuta namna ya kutuliza mtetemo wa injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, na mwaka 1950 Aurelia ikawa gari la kwanza duniani kuuzwa kwa wingi likiwa na injini ya aina hiyo. Leo V6 ni kitu cha kawaida, kuanzia Toyota hadi Mercedes.

Gianni, hata hivyo, alitaka zaidi. Alitaka kuwashinda wote, kila mahali. Gari lake la D24 lilishinda Carrera Panamericana ya Mexico mwaka 1953 likiendeshwa na Juan Manuel Fangio, kisha Mille Miglia ya 1954 mikononi mwa Alberto Ascari. Mwaka huohuo akaingia Formula 1 na D50, gari lenye matangi ya mafuta yaliyoning'inia ubavuni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwenye shindano lake la kwanza, Hispania, Ascari alianza wa kwanza mstarini. Wakati huohuo Gianni alikuwa akijenga makao makuu ya ghorofa 16 yanayopita juu ya barabara, kana kwamba fedha hazina mwisho.

Zilikuwa na mwisho. Tarehe 22 Mei 1955, huko Monaco, Ascari aliingia na D50 baharini, akaogelea akatoka. Siku nne baadaye akafa akijaribu gari la Ferrari katika uwanja wa Monza. Kampuni ilikuwa taabani. Julai mwaka huo magari yote ya D50, vipuri na mitambo yake vikakabidhiwa Ferrari bure. Mwaka 1956 Fangio akawa bingwa wa dunia kwa magari hayohayo, yakiwa na nembo ya farasi wa Ferrari. Kazi ya Lancia, taji la mwingine: usemi huo unafaa kuandikwa juu ya mlango wa kampuni hii. Jengo la ghorofa 16 lilipokamilika, familia haikuwa tena na kampuni.

Mmiliki mpya, tajiri wa saruji Carlo Pesenti, alimweka mhandisi Antonio Fessia, aliyeamini kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayopaswa kuvuta gari. Zikaja Flavia ya 1960 na Fulvia ya 1963. Zilikuwa nzuri mno, na gharama ya kuzitengeneza ilikuwa kubwa mno. Kila kipande kilitengenezwa kana kwamba ndicho pekee. Maji yalipozidi unga, mwaka 1969 Fiat ikaichukua Lancia kwa bei ya jina tu pamoja na madeni yake yote. Kampuni iliyoanzishwa na karani wa hesabu aliyetoroka ilirudi kwa waliomfundisha kazi, kwa sababu hesabu zilikataa.

Kilichoiokoa heshima yake hakikutoka ofisini. Mwaka 1960 wateja waaminifu wa Lancia walikuwa wameunda klabu iliyojulikana kwa herufi HF, na kutokana na klabu hiyo kijana Cesare Fiorio alijenga kikosi cha mashindano. Nembo yao ilikuwa tembo anayekimbia, mnyama ambaye Gianni alikuwa ameanza kumbandika kwenye magari ya mashindano mwaka 1953. Fiorio alikuwa mjanja wa kupanga. Januari 1972 Sandro Munari alishinda rali ya Monte Carlo kwa Fulvia, gari ambalo washindani wake walishaliona la kizee, na mwisho wa mwaka ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji ukawa wa Lancia.

Fiorio sasa alitaka gari lililozaliwa kwa ajili ya rali tu. Inasimuliwa kwamba Nuccio Bertone alifika kiwandani akiendesha gari la majaribio, Stratos Zero, lenye kimo cha sentimita 84, na badala ya kungoja kizuizi cha getini kiinuliwe akapita chini yake. Kutokana na hilo ikaja Stratos yenyewe, kazi ya mkono wa Marcello Gandini: fupi, pana, kioo cha mbele kimejikunja kama kofia ya rubani, na mgongoni mwa dereva injini ya V6 ya Ferrari Dino. Zilitengenezwa karibu 500. Zilichukua ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976.

Kuna mahali ambapo Stratos haikuwahi kushinda, napo ni kwetu.

Safari Rally ilikuwa imeanza mwaka 1953 kama mbio za kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi miaka ya 1970 ilikuwa mtihani ambao Wazungu wa viwandani waliuogopa. Hapakuwa na barabara iliyofungwa. Dereva alikutana na basi, mkokoteni, ng'ombe na twiga. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unageuka gundi. Lancia ilipeleka Fulvia mwaka 1974 na Munari akamaliza wa tatu, huku Joginder Singh akishinda kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1975 zikaja Stratos: Munari, akisaidiwa na Lofty Drews kama msomaji ramani, alikuwa wa pili, na Björn Waldegård wa tatu. Mbele yao ilikuwa Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari la aina ileile iliyokuwa ikisomba abiria barabarani. Mwaka 1976 Stratos hazikumaliza, na Lancer zikashika nafasi tatu za kwanza. Mwaka 1977 Munari alikuwa wa tatu tena. Mnyama wa lami na theluji alikuwa mwepesi kuliko wote, lakini chini hakuwa na kimo, na kwenye makorongo ya Kenya kimo ni uhai.

Baada ya Stratos ilikuja Rally 037, gari la mwisho lenye kusukumwa na magurudumu mawili kutwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Hiyo ilikuwa 1983, dhidi ya Audi Quattro iliyosukumwa na yote manne, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora kuliko zote za Fiorio. Huko Monte Carlo aliweka mafundi katikati ya hatua za mbio wabadilishe matairi pale theluji ilipoishia na lami kavu ilipoanzia. Muda uliopotea kwa kusimama ukalipwa na mwendo. Kenya, 037 ilifika nafasi ya nne mwaka 1984 na ya tatu mwaka 1986, zote kwa mkono wa Markku Alén. Bado si ushindi.

Lakini kasi ilikuwa imeshavuka uwezo wa binadamu. Tarehe 2 Mei 1985, kisiwani Corsica, Attilio Bettega alikufa katika 037. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ileile na kisiwa kilekile, Henri Toivonen na msomaji ramani wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Delta S4. Magari ya daraja hilo, Group B, yakapigwa marufuku kuanzia 1987. Mafundi waliochora magari hayo wana sehemu yao ya lawama, na wakubwa wa mchezo walioyaruhusu wana sehemu kubwa zaidi.

Sheria mpya zilidai magari yanayofanana na yale ya dukani, na angalau 5,000 yawe yametengenezwa. Hapo Lancia ikawa na bahati. Tangu 1979 ilikuwa ikiuza Delta, gari la familia la milango mitano lililochorwa na Giorgetto Giugiaro. Wakalifunga turbo na kuifanya injini isukume magurudumu yote manne. Matokeo yake hayajarudiwa: ubingwa wa watengenezaji mara sita mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992. Ukijumlisha na ya nyuma, Lancia ina mataji 10 ya dunia, na hadi mwaka 2026 unaanza hakuna mtengenezaji aliyekuwa ameyafikia.

Na hatimaye Safari. Mwaka 1988 Miki Biasion na Tiziano Siviero walishuka jukwaani Nairobi na Delta Integrale iliyovaa rangi za mfadhili wake, Martini. Mbele ilikuwa na vyuma vinene vya kukinga mifugo, taa zimerundikwa, tumbo limeinuliwa juu ya ardhi kuliko Lancia yoyote ya lami. Funzo la Stratos lilikuwa limeeleweka. Wakashinda, na Biasion akawa Mwitaliano wa kwanza kushinda mbio hizo. Akarudia 1989. Mwaka 1991 Juha Kankkunen akaongeza ushindi wa tatu.

Datsun na Peugeot zilipokuwa zikishinda Safari, Wakenya walikwenda kuzinunua, kwa sababu mwenye duka alikuwapo, spea zilikuwapo, na fundi wa Gikomba alizijua. Lancia ilishinda mara tatu, na kwenye barabara zetu haikuacha alama yoyote ya maana. Kutengeneza ilijua, kuuza hakuna aliyejishughulisha nako. Ulaya nako jina lilikuwa limeshachafuka: Beta za miaka ya 1970 zilikula kutu vibaya hata kampuni ikalazimika kuwarudishia fedha baadhi ya wateja wa Uingereza, na mwaka 1994 ikaondoka katika soko hilo kabisa. Mwaka huohuo Integrale ya mwisho ikatoka kiwandani.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Baada ya 2010 wakubwa wa Fiat walichukua magari ya Chrysler ya Marekani, wakayabandika nembo ya Lancia na kuyauza Ulaya. Wanunuzi hawakudanganyika. Ikabaki Ypsilon, gari dogo la mjini, na kuanzia 2017 liliuzwa Italia peke yake.

Watu hupenda kusema Fiat iliiua Lancia. Mimi naona Fiat ilifanya makosa mawili tofauti, na la pili ndilo zito. La kwanza, kubana gharama, lilikuwa haki yake. Nyumba ile ilikuwa imefilisika. La pili ni kuwa na mataji sita mkononi na kutokuwa na gari jipya linalostahili kumrithi Delta. Tangu Lambda, kila kizazi cha Lancia kilikuja na jibu la swali ambalo wengine hawajaliuliza. Baada ya 1994 majibu yalikwisha.

Tangu 2021 jina hilo ni mali ya kundi la Stellantis. Ypsilon mpya ilizinduliwa Milano tarehe 14 Februari 2024; inaunganishwa Zaragoza, Hispania, juu ya msingi uleule wa Peugeot 208 na Opel Corsa. Nembo ya HF na tembo wake vimerudi kwenye toleo la mbio, Biasion mwenyewe amehusishwa katika kuliboresha, na mwaka 2025 kampuni ilitangaza kurudi katika rali za dunia kwa daraja la pili.